Kamba ya Kengele ya Sita

Kaka yangu Leonard Tolliver hamwamini Mungu, na hapa Wexcombe hakuna asiyejua, kwa sababu tangu ana miaka kumi na minne hajawahi kulificha. Anachokiamini ni chai. Hunywa vikombe tisa kwa siku, na akialikwa kwa watu hubeba majani yake mwenyewe ndani ya kopo la haradali, kwani chai ya vifuko huiita maji ya kuoshea brashi. Alikwenda nalo hata kwenye mazishi ya mume wangu Harold. Baadhi ya jamaa walinong'ona. Na wanong'one. Wao waliniambia Harold yuko mahali pema, kisha wakapanda magari yao. Leonard alikuja kila siku saa kumi jioni, majira yote ya baridi, akapasha buli, akakaa nami.

"Sijui Harold aliko, dada," aliniambia siku moja. "Najua alikokuwa. Hapa kitini, akibishana nami. Hilo hakuna wa kulifuta."

Huyo ndiye mtu waliyetaka kumnyang'anya kamba.

Kanisa letu lina kengele sita mnarani, kila moja na kamba yake na mtu wake. Ya sita ndiyo kubwa, na akina Tolliver wameipiga tangu babu yetu mzaa baba. Leonard ameishika miaka arobaini na miwili. Kila Jumapili huvuta nusu saa, hufunga kamba, hushuka ngazi, na waumini wakiingia yeye anatoka, anakwenda zake kunywa chai. Wapiga kengele wengi wa nchi hii hufanya hivyo na hawaulizwi. Lakini mwaka jana Bi Maud Pilling, mpigaji wa kengele ya tatu, alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, naye akauliza.

Alianzisha jambo hilo Jumanne ya mazoezi, wiki ya mashindano ya wilaya, wote wakiwa wamesimama na kamba mkononi. Mimi nilikuwa nimewapelekea biskuti.

"Bwana Tolliver, wewe ni kama mtu anayeita wageni karamuni, halafu mwenyewe anatoka kwa mlango wa jikoni."

"Anayetoka kwa mlango huo ni mpishi, Bi Maud. Na watu wanakula."

"Sitanii. Kuanzia Jumapili hii, asiyekaa ibadani hashiki kamba. Mchungaji amekubali."

Mchungaji Fenwick ni kijana mpole, hukubali kila kitu, hata mvua. Wengine wakatazama viatu vyao. Leonard aliuliza tu kama Jumamosi bado ataruhusiwa kushindana. Akaambiwa ndiyo, kwa mara ya mwisho.

Kesho yake nilimfuata nyumbani kwake.

"Dakika hamsini tu, Leonard. Kaa nyuma, tazama madirisha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua." Akanisogezea kikombe. "Na kama huyo Mungu wenu yupo, naye atajua. Sasa hapo nitakuwa namdanganya nani? Maud?"

"Basi fikiria jina la baba."

"Baba alinifundisha jambo moja juu ya mnara: usivute kabla ya zamu yako, usichelewe ikifika. Hakusema niamini nini. Kamba ikikujia mkononi, dada, haikuulizi kama mbingu ipo. Inakuuliza kama uko macho. Dini ninayoiweza ni hiyo."

Niliondoka bila kumaliza chai, jambo ambalo kwake ni tusi kubwa. Nilipofika darajani ndipo nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimemwomba mtu wa nyumba yetu aseme uongo kila wiki ili jina letu lionekane safi.

Jumamosi vikundi vya minara saba vilishindana kwa zamu. Waamuzi wawili hufungiwa katika nyumba jirani na kanisa wasimwone mpigaji yeyote. Husikiliza tu, wakiandika kila kengele iliyowahi au kuchelewa, na wenye makosa machache ndio washindi. Wexcombe tulikuwa hatujashinda kwa miaka thelathini na saba. Nilipewa nafasi kwenye benchi la ukutani, ndani ya chumba cha kamba, ambako mgeni hasemi neno.

Kengele tano za kwanza hubadilishana zamu ya kulia kila mzunguko, na mpango wote hubebwa kichwani. Ya sita haibadiliki. Yenyewe hufunga kila mzunguko. Dakika ya sita niliona uso wa Bi Pilling ukipauka. Alikuwa amepotea, hajui tena amfuate nani. Kengele yake ikagongana na ya mwenzake kwa mlio kama sahani zilizoanguka.

Mkono wa Leonard haukuharakisha. Alimkazia macho, akainua kidevu kuelekea mpigaji wa tano. Bi Pilling akamfuata. Kidevu kikaenda kwa wa pili. Akamfuata. Mara nne hivyo, mpaka akaishika njia mwenyewe.

Matokeo yalisomwa ukumbini, tukila sandwichi za matango. Wexcombe, makosa kumi na moja. Waliotufuata, kumi na matatu. Watu wetu walipiga meza hadi vikombe vikaruka.

"Ya sita," akasema mwamuzi, "sijasikia iliyo imara hivi kwa miaka ishirini. Ya tatu ilijikwaa katikati. Sijui ni nani, ila alirudi upesi kuliko nilivyotarajia."

Leonard alikuwa akiichungulia chai ya ukumbi kwa masikitiko. Neno moja lingetosha kumlipizia Bi Pilling, na nakiri nilitamani alitamke. Hakulitamka. Aliyesimama ni Bi Pilling.

"Ya tatu ni mimi. Nilipotea, na Bwana Tolliver ndiye aliyenirudisha. Mchungaji, lile agizo nililitoa mimi, na mimi nalifuta."

Mchungaji akakubali.

Kisha Bi Pilling akaja mezani petu, akamgeukia Leonard. "Pale juu, ulikuwa unaniombea?"

"Nilikuwa nahesabu."

"Mimi nilikuwa naomba."

"Basi tulikuwa wawili kazini," akasema Leonard. "Ya nani ilifanya kazi, tutabishana Jumanne."

Kijiji cha pili wanasema alipiga magoti ndipo akarudishiwa kamba. Hakupiga. Jumapili ile, saa tatu asubuhi, aliivuta ya sita hadi vioo vya duka la mikate vikatetemeka, akashuka, akaelekea nje. Na mimi, ambaye sikosi ibada, niliinuka kutoka safu ya tatu nikamfungulia mlango mbele ya kanisa zima.