Simama Dirishani, Omba Inayofuata

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo niliyoacha kujiona mjuzi. Nilikuwa mwanafunzi wa kompyuta hapa Guangzhou, mwaka wa pili, na kichwa kimenivimba kweli. Mzee Haji, Mzanzibari aliyekuwa akisafirisha jinzi za Xintang, mji jirani wa viwanda vya nguo, alinipa kazi ya kumwandikia programu. Ipitie orodha ya katoni za mteja, kila katoni iingie kwenye karatasi ya kupakia, kisha iondolewe kwenye orodha ya zilizobaki stoo. Niliijaribu kwa katoni moja, ikakubali. Nikatamba bweni zima.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Bi Mwanaidi, mjane wa Dar aliyetia kila alichokuwa nacho kwenye katoni kumi na mbili za jinzi za kuuza Idi. Kontena likiondoka bila mzigo wake, sikukuu ingempita. Wapakiaji wakafuata karatasi yangu, wakamaliza, wakashika milango wafunge. Mzee Haji akatupa jicho ndani.

"Wewe binti, mbona sita?"

"Karatasi inasema sita, mzee."

"Karatasi umeiandika wewe! Mama wa watu kanunua kumi na mbili."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzunguko wa programu yangu, ile sehemu inayopitia vitu kimoja kimoja, ulikuwa ukihesabu nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipoitoa katoni ya kwanza, zilizobaki zote zilisogea mbele. Ya pili ikakaa nafasi ya kwanza, nami huyoo nishakwenda nafasi ya pili. Kila nilipotoa moja, niliruka nyingine. Kwa katoni moja tu ningelijuaje hilo?

Mzee hakunitukana. Aliniita hadi kwenye dirisha la Laoban Chen, mwenye ghala, bosi asiyeruhusu mteja yeyote kuingia ndani.

"Za Mwanaidi bado zipo?"

"You!" Chen akajibu kwa Kichina, kwamba zipo.

"Lete inayofuata."

Ikatoka katoni. Mzee akauliza tena, akapewa tena, mpaka Chen akapunga mkono: "Mei you!" Hamna tena. Sita zote zilikuwa nje. Zikapakiwa, milango ikafungwa, nami nikapumua.

"Umeniona nimeingia ndani?" mzee akaniuliza. "Juzi kapanga rafu zake upya. Yananihusu nini? Alipofikia anapajua mwenyewe. Wewe, kwa programu yako, umevamia stoo ya mtu, unatoa huku unahesabu nafasi!"

Basi, mwanangu, kile tunachokiita kwenye programu kiolesura cha kupitia vitu ndicho hicho. Ni ahadi: darasa lolote, yaani kipande cha programu kinachohifadhi vitu, likubali kukupa mpitishaji, kama Chen pale dirishani, naye ajibu mambo mawili, bado kuna kingine, na nipe kinachofuata. Mzunguko wako hauhitaji zaidi ya hapo. Ndani iwe orodha, iwe mti wa data, iwe faili linalosomwa mstari kwa mstari, wewe huulizi, na mwenye darasa akibadilisha mpangilio wake kesho, mzunguko wako hauguswi. Mizunguko miwili ikitaka kupita pamoja, kila mmoja uchukue mpitishaji wake, usipotezewe mahali na mwenzake. (Hili nalo lilinigharimu wiki nzima, lakini tuliache.)

Na ukitaka kuondoa kitu katikati ya kupita, mwambie mpitishaji akuondolee, maana yeye ndiye ajuaye amefika wapi. Lugha yako ya programu ikiwa haimruhusu, pita kwanza hadi mwisho, uondoe baadaye. Jaribu kwa kitu kimoja, kwa vingi, na kwa orodha tupu. Usiniambie huna muda, muda upo.

Mimi sasa nafundisha, na makosa haya nayaona kila muhula kwa vijana wenye akili kunizidi. Kosa langu halikupiga kelele. Programu iliisha salama, karatasi ikatoka safi, na nusu ya maisha ya mwanamke mmoja ikakaribia kubaki ghalani. Mungu akubariki, mwanangu, akupe kazi nyingi na macho ya kuziangalia, na asikujaalie kamwe kumruka mtu ukadhani umemaliza.