Kitanda cha Zambarau cha Fundi Cheche

Ofisini walimwita Kasuku, na hakuwa na ubavu wa kulalamika. Afisa ustawi wa jamii gani huyo, ukimwambia "nimechoka," anakujibu, "Umechoka"? Waliokaa kwenye benchi la korido kungoja zamu walitaniana: "We ingia tu. Ukitoka utakuwa umesikia maneno yako mwenyewe mpaka uyachoke."

Kinachochekesha ni kwamba huyu dada alizaliwa na mdomo wa ushauri. Utotoni alimshauri mpaka fundi bomba. Mdogo wake aliwahi kumbloku kwa sababu ya meseji za asubuhi, ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Kazini ndiko alikofundishwa kuuma ulimi: usimwambie mlevi aache pombe, maana ukimsukuma huku ataegemea kule. Muulize. Mrudishie alichosema, akisikie mwenyewe. Sababu ya kubadilika itoke kinywani mwake, sio mwako. Wengine hilo ni somo la wiki moja. Yeye, jamani, lilimla miaka.

Ndipo akaletewa Cheche.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma; nusu ya mageti ya mtaa ule yalitoka mkononi mwake. Mkewe alipofariki, chupa ikahamia ndani. Binti yake mdogo akachukuliwa na shangazi yake, yaani dada yake Cheche, na ofisi ikasema wazi: mtoto harudi mpaka baba akae sawa.

Siku ya kwanza alikaa kitini upande upande, kama mtu anayeshuka kituo kinachofuata.

"Na wewe unataka kunifundisha kunywa maji?"

"Umechoka kufundishwa."

"Nimechoka! Jirani kafundisha, dada yangu kafundisha, hata muuza pombe kafundisha, tena hela yangu kaipokea kwanza!"

"Hata yeye."

Cheche akacheka bila kupenda. "Aisee. Kumbe hawakusingizii. Wewe ni kasuku kweli."

"Fundi, kutoka sifuri mpaka kumi, hili la kuacha lina uzito gani kwako?"

"Sita."

"Kwa nini sita, isiwe mbili?"

Akakikwangua kidole chake chenye kovu la moto. "Mbili ni mtu asiye na mtoto," akasema.

Wakaenda hivyo hivyo, wiki baada ya wiki. Pombe ikapungua, ndevu zikanyolewa. Halafu siku moja akaja na rangi ya zambarau kwenye kucha.

"Nimemtengenezea kitanda, dada. Zambarau ndiyo rangi yake. Nataka siku moja aamke pale, nimchemshie chai, na mkono usitetemeke."

Siku moja, alisema. Swali lilikuwa palepale, jepesi tu: hiyo siku unaionaje, fundi? Lakini Kasuku alisikia zambarau. Furaha ikampanda mpaka kooni, na ule mdomo wa zamani ukafunguka wenyewe.

"Basi iwe Jumamosi! Naongea na shangazi yake, mtoto aje alale usiku mmoja. Uko tayari kabisa, fundi, nakuambia!"

Cheche akatazama sakafu. "Haya, dada."

Haya. Katika kazi ile hilo ndilo neno la kuogopa. Anayebishana na wewe bado yupo. Anayesema haya ameshaondoka, kaacha shati tu kitini. Kasuku alilijua hilo, aliwafundisha hata wageni wa kazi. Siku ile alilipita mbio.

Ijumaa akamtumia meseji: "Fundi, kesho tuko pamoja?" Tiki mbili za bluu. Jibu hakuna.

Jumamosi shangazi akamleta mtoto, na Kasuku akafika kushuhudia furaha. Mlango wazi, kitanda kimetandikwa shuka jipya, baba hayupo. Mtoto akakaa ukingoni, begi mapajani. Akaambiwa avue viatu apumzike, akakataa; anataka baba aone kwanza vilivyo vipya. Jua likahama dirisha zima. Mwishowe jirani akaja kuwanong'oneza: Cheche yuko nyuma ya karakana, kalala juu ya vyuma chakavu, hasimami. Mtoto akaenda kuona kabla hawajamzuia. Aliporudi hakulia. Alilibeba tu begi lake, akatangulia mlangoni.

Cheche alirudi ofisini ameoga, shati limepigwa pasi.

"Abaki kwa dada yangu."

Ushauri ukamjaa Kasuku mdomoni: kuteleza sio mwisho, tuanze upya, usikate tamaa. Akaumeza wote.

"Unataka abaki kule."

"Sitaki! Nani anataka? Ila mimi nikipewa siku naiogopa, na nikiiogopa nakunywa. Sitamkalisha tena mwanangu kitandani ananingoja mimi."

"Ulikuwa hujafika, fundi. Mimi nikakuvuta. Nisamehe."

"Ulifurahi tu, dada," Cheche akasema. "Mtu hajanifurahia siku nyingi."

Alichoomba ni kimoja: kitanda kimfuate mtoto. Wakakipeleka kwa mkokoteni, na mlangoni kikagoma. Alikuwa amepima mlango wake, sio wa dada yake. Ikabidi akikate katikati barazani, akiunge upya chumbani, Kasuku akishikilia miguu huku kageuza uso asipigwe na mwanga. Mtu ambaye mishono yake ya chuma ilinyooka kama imepigwa rula, siku hiyo mkono ulicheza, na mshono ukaenda kama njia ya konokono. Alipomaliza akakitikisa, akaridhika, akamshika mtoto utosini, akakokota mashine yake akaenda.

Mtoto akabaki anakitazama kitanda.

"Anti, baba atakuja kunichukua?"

"Unataka baba aje akuchukue."

"Ndiyo."

Akamtazama Kasuku mdomoni, akingoja aendelee. Mtoto akanyoosha kidole kwenye kile kiungo, pale rangi ilipoungua.

"Usipaguse hapo, mama," Kasuku akamwambia. "Bado pa moto."