Kistari Mbele ya Jina la Mama

Mtunza kanda wa kituo cha redio, ambaye wote kazini walimwita Shangazi, alikuwa mtu wa kuishi nusu hapa na nusu kwingine. Ungemsemesha, akuitikie baadaye kidogo, tena kwa tabasamu, kana kwamba ametoka mbali. Si kiburi. Miaka kumi na tisa ya kuwasikiliza watu waliokwisha nyamaza lazima ikuachie kitu.

Siku ninayoisimulia, wabebaji walikuwa waje saa kumi alasiri kuing'oa kompyuta kuukuu ya chumba chake, ile isiyo na spika, inayopokea amri za kuandikwa tu. Tangu asubuhi Shangazi alikuwa akihamisha sauti kutoka humo. Kanda zenyewe zilishaoza na kutupwa.

Saa nane, katika folda ya zamani ambayo hakuwahi kuifungua, akakuta faili moja limegoma. Liliitwa kwa jina la mama yake, na mbele ya jina kulikuwa na kistari.

Mama yake alikuwa mtangazaji wa kituo kile kile, akafariki Shangazi akiwa na miaka miwili. Enzi hizo matangazo yalikwenda hewani yakapotea. Picha alikuwa nazo tatu. Sauti hakuwa nayo hata moja, na jambo hilo lilimuuma maisha yake yote, ingawa hakumwambia mtu. Kistari nacho kilikuwa mtindo wa mzee aliyemtangulia kazini: kila sauti ambayo hajapata nafasi ya kuisikiliza aliitilia kistari, ikae juu ya orodha asije akaisahau. Akastaafu, akazisahau zote.

Shangazi akaandika amri ya kunakili, akaandika na jina. Kompyuta ikajibu: agizo hilo silijui. Akarudia, jibu likawa lile lile. Akataka kulibadili jina, wapi! Akalifunga ndani ya alama za kunukuu, lakini mashine ilikuwa haisikii la mwadhini wala la mnadi swala. Ilipogonga saa tisa na nusu, akampigia simu fundi wa kompyuta.

"Shangazi, usiipige ngumi," fundi akacheka. "Haikukatalii. Programu hizi zimefundishwa kwamba neno likianza na kistari ni agizo la namna ya kufanya kazi, si jina la kitu. Inatafuta agizo linaloitwa mama yako, haikuti."

"Nimeweka na alama za kunukuu, mwanangu."

"Hizo zinavuliwa mlangoni. Programu inakutana na kistari kile kile. Sasa fanya hivi: andika amri, acha nafasi, weka vistari viwili vilivyoshikana, acha nafasi, halafu jina na kistari chake. Vile viwili maana yake maagizo yamekwisha. Kuanzia hapo kila neno ni jina tu, hata lianze na nini."

"Basi?"

"Basi. Usione haya, hata mimi lilinitoa jasho siku nyingi."

Akaandika herufi moja moja. Kompyuta haikusema kitu, na kwa mashine za aina ile, kimya maana yake imekubali.

Wabebaji walipoondoka nayo, Shangazi alijifungia studio ndogo. Jua la alasiri lilipita dirishani, vumbi likielea ndani yake bila haraka. Akavaa vifaa vya masikioni. Kwanza mvumo, kiti kikaburutwa, kisha sauti ya mwanamke, nzito kuliko alivyowahi kuiwazia.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Mnanipata huko?"

Mwanamume akajibu kwa mbali, akipaza sauti, kwamba anampata vizuri sana.

"Sema taratibu, kaka," mama akasema. "Mwanangu amelala hapa chini ya meza."

Baada ya hapo hawakuongea tena, ila kanda ilikuwa imeachwa ikizunguka kwa dakika nne nzima. Shangazi akapandisha sauti hadi mwisho, akafumba macho, na ndani ya mvumo ule akaanza kujitafuta akipumua.