Eneo la Wazi

Sijawahi kuona watu wanaojiamini kama wale wanaochora mji wasioujua. Kiwanja cha shangazi yangu kipo Ujiji, karibu na maji, na tangu nipate akili kimekuwa uwanja wa kuanikia dagaa. Wavuvi wakirudi asubuhi, shangazi na wenzake wanatandaza nyavu kuukuu juu ya changarawe, dagaa wanamwagwa, jioni wanaanuliwa. Dagaa hataki kivuli, kwa hiyo hapakupandwa mti wala kujengwa hata kibanda. Basi mtaalamu mmoja wa mipango miji akapita na vifaa vyake, akaona hakuna nyumba, hakuna mgomba, akapaandika kwenye mchoro wa mji: eneo la wazi. Yaani mahali pa wananchi kupumzika. Nadhani alipita zile siku za mbalamwezi, wavuvi wasipoingia ziwani kwa kuwa dagaa hawafuati taa, na hakuona haja ya kumuuliza mtu.

Hayo hatukuyajua mpaka shangazi alipoomba kibali cha kujenga banda. Masika yalikuwa yanamtia hasara kila mwaka, maana dagaa aliyenyeshewa akiwa nusu mkavu hana mnunuzi. Alitaka paa tu upande mmoja, pa kukimbizia mzigo wingu likitanda. Akajibiwa kwamba kwenye eneo la wazi hakujengwi, aombe kwanza kubadilishiwa matumizi ya ardhi. Nikapewa mimi kazi ya kufuatilia, kwa kuwa eti ndiye msomi wa ukoo. Dharau niliyoiokota kwenye korido za halmashauri sijaimaliza mpaka leo. Kila meza ilinituma meza nyingine, na kila aliyenihudumia aliongea nami huku anachezea simu. Mwishowe wakasema kamati itakuja kujionea yenyewe pale mahali panatumikaje. Nilirudi kwangu Gungu nimefurahi kama mjinga. Wakija, nilijiambia, watakanyaga dagaa.

Nilimsahau mwenyekiti wa mtaa. Huyo ni mtu wa kunyoosha mgongo akisikia honi ya gari la serikali. Siku yenyewe alimwendea shangazi mapema, akamwambia wakubwa wanakuja, pasafishwe. Na shangazi ni mtu wa Ujiji, hawezi kumpokea mgeni vitu vimezagaa njiani. Niliposhuka kwenye bodaboda nilikuta nyavu zimekunjwa, changarawe zimefagiliwa, na dagaa wa asubuhi ile wamerundikwa chumbani kwake, ng'ambo ya njia. Mwenyewe amejifunga kanga mpya. Nilitaka kulia.

“Shangazi, hao watu wanakuja kuona dagaa!”

“Sasa wapite wapi, mwanangu? Juu ya chakula?”

Kabla sijamjibu, gari likaingia. Walishuka na viatu vyao vya kung'aa, na mkubwa wao, afisa aliyehamia Kigoma juzijuzi, akazungusha macho mara moja tu.

“Mbona pako wazi kabisa,” akasema, kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikamweleza. Nikamwonyesha magamba yaliyonata kwenye mawe. Nikafika mahali pa kumwomba anuse.

“Harufu siyo matumizi ya ardhi, ndugu yangu. Sisi tunaandika tunachokiona.”

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, tena na tena, asije akaonekana hakuelewa. Ombi likafia pale pale. Masika yalikuwa yanakaribia, na shangazi aliendelea kuwatabasamia kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ameshakosa.

Wakati wanarudi garini, yule afisa akamgeukia, sura imelainika ghafla.

“Sasa mama, mimi mgeni, nitaondokaje Ujiji bila dagaa?”

Ningekuwa mimi ningempa changarawe. Shangazi alivuka njia, akaingia chumbani, akarudi na mfuko umejaa. Afisa akauchungulia, akapapasa, akakunja pua.

“Mbona hawajakauka?”

“Niliwaanua ili mpite, baba.”

Alicheka, akausukuma mfuko chini ya kiti. “Haina shida. Nitawamalizia kuwaanika nyumbani kwangu.”

Shangazi alishika mlango wa gari. Sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo, alitaka kujua kweli.

“Na huko kwako, baba, wanaruhusu?”