Kichwa Kimoja Kilichonyolewa

Miaka ile biashara ilipoachiwa huru na kila kitu kikaanza kuingia kutoka Malawi, nilikuwa nasuka nywele mtaa wa Bondeni, katika mji wetu wa mpakani, kwenye kibanda cha mabanzi chenye kioo kimoja. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini kwa ndoto sikushindwa na mtu. Kwaya ya kanisa letu ilipotunga igizo la nyimbo kuhusu bibi zetu enzi za Mjerumani, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwapamba waimbaji vichwa na nyuso. Niliruka kwa furaha mpaka nikamwaga maji ya mteja.

Nikamwuliza bibi yangu zamani walisukaje. Akacheka mpaka akakohoa.

"Tusuke nini? Tulinyoa upara, mjukuu wangu. Unapaka samli, kichwa kinang'aa kama chungu kipya."

Basi, nikataka vichwa vya waimbaji ving'ae. Kwa mama mmoja mfinyanzi wa Ikombe nikapata bonge la udongo mwekundu wa kupaka vyungu rangi, nikausaga, nikauchanganya na samli uwe rangi ya mashavu. Waimbaji wakaniona mwehu.

"Ninyoe, kwani nimefiwa?"

Kwetu mwanamke mwenye upara huulizwa nani kafa.

Mwimbaji mkuu alikuwa rafiki yangu tangu utoto. Nywele zake, zilizolainishwa kwa dawa ya kununua mpakani Kasumulu, zilikuwa zimefika mabegani. Tulizitunza wote wawili mwaka mzima. Nikamsihi aanze yeye, wenzake watafuata.

"Na wasipofuata?"

"Watafuata, wee! Nakuapia."

Akakaa kwenye kiti, akafumba macho. "Haya nyoa, kabla akili haijanirudia."

Hawakufuata. Jumapili ya onyesho mama mwenyekiti wa kwaya, mfanyabiashara wa mpakani, akaja na kiroba cha mawigi ya mitumba. Vigelegele! Mengine yalikuwa na rangi ya mahindi makavu, na bibi zetu wa enzi za Mjerumani wakawa na nywele za Wajerumani wenyewe.

Nikamvisha rafiki yangu la kwake. Likateleza kwenye samli. Nikafuta, nikatafuta pa kubana pini; pa kubana sikupaacha mwenyewe. Mwalimu wa kwaya akaangalia saa.

"Huyu anaonekana mfiwa. Asimame nyuma kabisa. Wimbo wake aimbe mwingine."

Rafiki yangu akanitazama mimi. Nilikuwa na kitana mkononi, nikaanza kuchana wigi la mwingine. Mpaka leo sijui nilikuwa naogopa nini.

Bibi alikaa benchi la mbele, mimi kando yake. Katikati ya wimbo akanivuta kanga.

"Yule wa nyuma anayeng'aa, mtoto wa nani? Amefanana na mama yangu."

Nikainuka kwenda kutafuta taulo.

Walipomaliza nilimfuta rafiki yangu uso kwa taulo. Udongo ukagoma kutoka nyuma ya masikio.

"Acha, nitaoga nyumbani."

Akafunga kitambaa, kikamwishia juu ya masikio, kisogo kilichonyolewa kikabaki nje. "Ndaga," akasema, ile asante ya kumpa mgeni. Sisi hatukuwahi kushukuriana.

Nikabaki mlangoni na taulo jekundu, nikimwangalia anavyoshika njia ya Ndandalo. Hakufika mbali. Mama mmoja aliyebeba ndizi alimsimamisha, akautua mzigo, akamshika mikono yote miwili kumpa pole ya msiba. Rafiki yangu hakukataa. Aliinamisha kichwa, akaipokea.