Mama Mkazo Ajisokotea Koili

Wateja wa saluni yake ya kusuka walimpachika jina la Mama Mkazo, kwa sababu kichwa kikishatoka mikononi mwake, mwenye kichwa hukaa siku nzima nyusi zimepanda juu kama aliyesikia habari mbaya. Lakini misuko yake ilidumu, basi walinung'unika na kurudi. Kilichowashinda ni vidole. Alikuwa mvutaji wa sigara tangu usichana wake, na siku moja bibi harusi mtarajiwa, akiwa ameketi kwenye kigoda mbele ya magoti yake, alimwambia kwa adabu zote, "Samahani, Mama, nywele zangu zinanuka jivu."

Mama Mkazo alimaliza kusuka, akanawa mikono, akavinusa vidole, akanawa tena. Kesho yake akanunua sigara ya umeme, na ile ya kiberiti hakuigusa tena.

"Hiyo nayo si dawa," alisema wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi nao nyumba moja na kufuka moshi kama tanuri la matofali.

"Najua si dawa, wifi. Ni ngazi. Nikifika chini, naitupa."

Ngazi ikayumba mapema. Ndani ya kifaa kile mna koili, kijiwaya kinachopata moto na kugeuza maji yake yenye nikotini kuwa mvuke. Koili huungua, hubadilishwa. Lakini duka la mtaani likaacha kuleta za aina yake, na ile ya mwisho ikawa na ladha ya soksi iliyopigwa pasi. Wifi akasukuma pakiti yake juu ya meza.

"Chukua moja tu, roho itulie. Nani atajua?"

"Vidole vyangu vitajua."

Akavaa viatu, akaenda mbali zaidi, kwa fundi mmoja mwenye mvi aliyeuza vifaa hivyo kwenye kibanda cha kutengeneza redio. Fundi akampa tangi dogo linalokubali koili ya kujisokotea, waya, pamba na kipimo cha umeme.

"Ila sikiliza, dada," alisema. "Kabla hujabonyeza kitufe, pima. Kipimo kikikaribia sifuri, waya umegusa pasipotakiwa, hiyo ni shoti. Usibonyeze! Betri haina utani."

"Hata mimi sina," akasema Mama Mkazo.

Jioni, wateja walipoondoka, alitandika taulo jeupe kwenye meza ya saluni, akaanza kuzungusha waya kwenye shina la bisibisi nyembamba. Alidhani itakuwa kazi ya kunywea chai. Lo! Waya si nywele. Ukiuachia, unarudi kwao. Ulimfyatukia ukamchoma chini ya ukucha, na koili ya kwanza ikatoka imepinda kama mkia wa nguruwe. Akaitupa. Ya pili ilikaa vizuri machoni, lakini alipopima, kipimo kikasoma karibu na sifuri: mguu mmoja wa waya uliegemea ukuta wa tangi. Akafungua, akakata, akaanza upya.

Wifi alikuja kumwita nyumbani, akasimama mlangoni. "Vichwa vya watu vimekwisha, sasa unasuka waya?"

"Kaa chini au nenda zako."

Wifi akakaa. Ya tatu ilipima sawa. Alipobonyeza, ncha zikawa nyekundu na katikati pakabaki peusi. Akaachia, ikapoa, akaibana mizunguko kwa kibano mpaka ikakaa bega kwa bega. Akabonyeza tena. Safari hii wekundu ulianzia katikati ukaenea pande zote, taratibu, na wote wawili wakajikuta wameinama juu yake.

Akasokomeza pamba, akatia maji, akavuta. Moto mkavu ukamkwangua koo. Alikohoa mpaka machozi, na wifi akacheka huku akimkimbilia maji ya kunywa.

"Umeikaba, wifi! Pamba itakunywaje maji nayo imebanwa hivyo? Unaikaba kama vichwa vya watu. Legeza!"

Neno lile lilimwingia, maana lilikuwa kweli. Angeweza kununa. Badala yake alichomoa pamba iliyoungua, akachukua nyembamba zaidi, akaipitisha kwenye koili ikiteleza bila kulazimishwa. Akasubiri inywe vya kutosha. Akavuta. Mvuke ukaja laini, bila ladha ya soksi wala ya kitu kingine.

"Je?" wifi akauliza.

"Imekubali."

Tangu hapo alijisokotea mwenyewe. Nyingine zilimgomea, akazirudia. Na kila alipomwendea yule fundi kununua maji, aliomba yenye ukali mdogo kuliko ya awali. Wifi aliendelea kuvutia sigara zake uani, ila pakiti hakuileta tena mezani.

Asubuhi moja Mama Mkazo alikwenda saluni akakisahau kifaa kitandani. Alikikumbuka mchana, kichwa cha mteja kikiwa kimesukwa nusu. Aliduwaa kidogo, chanuo mkononi. Kisha akagawanya nywele, akaendelea kusuka.