Utepe wa Kifuani

Jumanne moja ya mwezi wa Machi, alasiri, nilikuwa dirishani nikikung'uta kitambaa cha meza huku nikimtazama dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, akiteremka kwenda mazoezi ya kwaya. Presha ya macho ilimpofusha akiwa mtu mzima. Tangu hapo amejifunza mtaa wetu wa Nengo upya, kwa fimbo nyeupe: ukingo wa mtaro wa mawe humfikisha kanisani bila kushikwa mkono, na uhuru huo anaupenda kuliko kitu chochote.

Wiki hiyo mafundi wa barabara walikuwa wameuvunja mtaro na kuchimba mwingine, wa kina kinachompita mtu mzima. Walikuwa wamezungusha utepe mwekundu na mweupe, nami nilipouona nilitulia. Lakini utepe ulikuwa kwenye usawa wa kifua, na fimbo hupapasa chini. Dada alihisi kitu kikimgusa kifuani, akasimama, akakiinua kwa adabu juu ya kichwa, akapita, kama tunavyofanya sote tukikuta kamba ya nguo za jirani imekatiza njia.

Fundi mmoja alicheka. "Mama, huku si njia ya harusini!" Kisha akaiona fimbo.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka mashine ya kushindilia udongo ikinguruma, nami nikipiga kelele nisizozisikia mwenyewe. Mwendeshaji alipoizima mambo yakawa mabaya zaidi, maana sasa dada alikuwa amesimama ukingoni, nao walimsemesha wote kwa pamoja: "Kushoto!" "Rudia nyuma!" "Hapana, endelea!" Bonge la udongo lilimeguka chini ya kisigino chake. Lilichukua muda kutua, na katika muda huo nilikuwa nimekwisha kumzika.

"Munyamaze wote!" akasema. "Mutu mumoja tu aseme."

Wakanigeukia.

"Yaya, ni mi. Usisogeze mguu. Niko nyuma yako, nakuja."

Nilimkaribia nikisema neno kwa kila hatua ili ajue nilipo. Nilipomfikia, alitafuta kiwiko changu, akakishika, tukageuka polepole.

Nyumbani nilimwambia hatatoka tena peke yake.

"Bon, sawa," akasema. "Donc, kumbe shimo ni yao, kifungo ni yangu?"

Hakutoka kwa wiki kadhaa. Nilidhani sasa nitalala kwa amani, sikulala. Aliacha hata kuimba jikoni, na ukimya ule ukaanza kunitisha kama lile bonge la udongo. Ndipo nikamwandikia msimamizi wa ujenzi, dada akiwa ameketi kando yangu akinikatiza:

"Mheshimiwa Msimamizi,

Utepe wenu unasema na wenye kuona tu. Tunaomba ubao mgumu karibu na ardhi, mahali fimbo inapogusa, kuuzunguka mtaro wote, pamoja na njia ya muda isiyozibwa na mawe wala toroli. Akija mtu asiyeona, mashine izimwe na mmoja wenu tu aseme naye. Amwulize kabla ya kumgusa, kisha ampe kiwiko, asimsukume.

Mimi niliyemwona dada yangu, asiyeona, ukingoni mwa mtaro wenu bado ninaogopa. Dada yangu amenikataza kuomba azuiwe kupita. Jumanne ijayo, saa ya kwaya, atateremka peke yake, nami nitakuwa dirishani. Nawasihi, ubao uwepo."